Ukurasa Mmoja Mbele

Juni, Punta Arenas. Jua huchomoza saa nne asubuhi
kwa uvivu wa karani wa serikali,
na kabla halijaufikia ukuta wa pili limeshachoka.
Upepo unagonga mabati ya gereza tangu juzi,
kama mdai.

Kwenye chumba cha kushonea viatu
Nolberto Barría, miaka sitini na moja,
amefuta gundi mezani kwa kiwiko
akafungua kitabu cha watoto wa darasa la kwanza.
Mbele yake Yerko, miaka ishirini na saba,
kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
amekaa upande, mguu mmoja nje ya benchi,
tayari kuondoka.

"Hii?"
"A."
"Hii?"
"Unaniuliza kama polisi."
Mzee akakigeuza kitabu. "Basi niulize wewe."

Wiki ya tatu walifika kwenye H.
"Hii haisemi," alisema Nolberto.
"Unaiandika, ipo, lakini mdomo unaipita."
Yerko aliitazama kwa muda.
"Kama mimi mbele ya hakimu."
"Na mimi."
Walicheka hadi mlinzi akachungulia
kuona kilichovunjika.

Mfukoni barua, imekunjwa mara nane,
miezi mitano haijasomwa.
Wapo wanaosomea wenzao, bei sigara mbili.
Hakutaka sauti ya mwanamume mwingine
ipite juu ya maneno ya mtoto wake.

Akaianza kutoka mwisho, penye maneno machache.
T na u. Kisha ile bubu. Kisha i, j, a.
*Tu hija.*
Kwao hija ni binti. Binti yako.

Mimi ninayeyaweka haya kwa Kiswahili nimekwama hapa.
Kwetu hija ni safari; kabla ya kuondoka
mtu hulipa madeni, hupita mlango kwa mlango
akiomba radhi kwa majirani.
Sikupata namna ya kulitafsiri. Nimeliacha lilivyo.

Alhamisi usiku Yerko alitumwa jikoni kubeba magunia ya unga.
Nyuma ya tanuri, chini ya balbu moja,
Nolberto na Segundo mwoka mikate,
kitabu kilekile,
kidole cha mzee kinatetemeka chini ya mstari
wa somo la kesho.
"Hii?" aliuliza Segundo.
"Sijui. Ngoja. Usiniambie."

Kumbe miezi yote hiyo
mwalimu alikuwa mbele yake kwa ukurasa mmoja.

Yerko alitua gunia polepole, kama mtu anayelaza mtoto,
akatoka bila kukohoa.
Asubuhi alifika wa kwanza. Akawasha jiko la kuni.
Akakaa miguu yote miwili ndani ya benchi.

Ukurasa wa arobaini una neno refu, la silabi sita.
Mzee alilianza, akarudi, akalianza tena.
Kidole kilekile kilichowahi kushika kisu
kilisimama katikati ya neno, hakiendi.
Yerko alikuwa ameshaliona lote.
Alilishikilia mdomoni kama pipi,
akatazama dirishani,
akamngoja.