Kila Mbofyo Mia Saba

Fundi Singano alikuja na mkoba wa spana,
akautua juu ya meza yangu ya kuchapia
kama mgonjwa anayemfunulia daktari uvimbe.
"Siku hizi watu hawamuulizi jirani," akasema.
"Wanaiuliza simu."

Barabara ya Kumi na Mbili, saa nne asubuhi,
umeme umerudi, feni inakohoa.
Nikamweleza mambo yalivyo:
mtu wa Raskazone bomba limempasukia jikoni,
anaandika fundi bomba tanga, bila herufi kubwa, bila salamu,
na mnada unapigwa kabla hajapepesa jicho.
Jina lako linapanda juu, bure.
Akiligusa, umelipa.
"Hata asiponipigia?"
Hata asipokupigia.
"Hata kidole kikimteleza, anasonga ugali?"
Hata hapo. Mia saba.
Akacheka kwa pua. "Basi huo ni mlango
unaomtoza mwenye nyumba kila mgeni anapobisha."

Mimi nilizoea mizani, kumi na sita,
vina vya kati, vina vya mwisho;
mtangazaji wa redio alikuwa akilijua jina langu.
Sasa nahesabu herufi: thelathini, nafasi tupu zikiwemo.
Nikakata, nikapima,
kama yeye apimavyo bomba kabla ya kulichonga uzi:

Bomba limepasuka? Singano yupo

Hesabu mwenyewe.
Akalipa elfu ishirini na moja,
mbofyo mmoja kwa kila herufi.

Siku ya kwanza alipiga mtu mmoja,
muuguzi, akitafuta bomba la sindano.
Nikaandika orodha ya maneno ya kufungiwa mlango:
sindano, dawa, chanjo.
Siku ya tatu pesa zikakata
na mkoba wa spana haujafunguliwa.

Tukaifungua ripoti. Mibofyo kumi na tisa
imetoka Duga, yote baada ya isha.
"Kupaza," akasema. Kupaza naye ni fundi bomba, anakaa Duga,
na waligombana juu ya tenki la msikiti.
"Ananinywa damu kwa kidole."
Akachukua spana kubwa. Nikamfuata,
maana tangazo ni langu pia.

Kwa Kupaza palikuwa na kufuli; yuko Pangani tangu Jumapili.
Tukapita kwa mama yake Singano, maji ya kunywa tu.
Bi Mwanamkuu alikuwa mkekani
na simu ya mjukuu, majirani wamemzunguka.
"Huyu hapa! Nimemgusa sasa hivi, kaja!"
Akatuonyesha kioo, jina la mwanawe juu ya majina yote,
akaligusa tena.
Mia saba.

"Wameniambia fundi siku hizi anaitwa hivi.
Nimekuita tangu Jumatatu, mwanangu.
Mfereji wa uani unadondoka."

Ulikuwa unadondoka kweli,
tone, kimya, tone, ndani ya ndoo iliyokwisha kufurika.
Miezi miwili alimwambia kwa mdomo,
na mdomo haulipishi, ndiyo maana haukusikika.
Singano akafunga maji,
akang'oa mpira uliolika, akatia mpya wa shilingi mia tatu.
Dakika sita. Hakuna aliyesema kitu
ila jirani mmoja aliyeuliza
kama yeye naye akigusa atakuja.

Tulirudi kwa miguu hadi barabara kuu.
Nikamwambia naweza kuifuta Duga kwenye ramani ya tangazo,
ni kazi ya kufumba na kufumbua.
Akanyamaza mpaka tukapita mashine ya kusaga.
"Iache," akasema. Kisha, kwa kuwa ni mfanyabiashara:
"Lakini ikifika saa mbili usiku, zima."

Leo nina mpaka rangi wa Makorora.
Mstari wake una herufi thelathini na moja.
Tangu asubuhi natafuta ya kukata.