Jozi

Karakana yangu iko Maweni, ubavuni mwa kinu cha unga,
kwa hiyo kila kiti ninachokishona huondoka na vumbi la sima.

Kadzo alivileta kwa mkokoteni:
viti viwili vya mikono, vya Kiitaliano,
umri wa mama yangu. Miguu ya nyuma
imekaza kama ya mbuzi anayekataa kuvutwa,
ncha zimevishwa shaba. Nikagonga mbao kwa kucha.
Si mvule, si mbambakofi. Mti wa kwao,
wenye mishipa.

"Mshahara wa miezi tisa," akasema, "ndio huu."

Sinyora Ornella aliuza nyumba ya Casuarina
akarudi kwao na mbwa. Mbwa alikatiwa tikiti.

Miaka kumi na minane Kadzo alivipangusa,
tambara kavu kwenye mbao, brashi kwenye kitambaa,
kabla jua halijapenya pazia.
Na bado sinyora, akiwa ameketi, alinyoosha kidole:
pale, na pale. Kadzo haoni kitu, anapangusa.
Kiitaliano chake chote ni cha viti:
piano, atenta, basta.

Hakuwahi kukaa.
Nikamuuliza, hata siku nyumba ilipokuwa tupu?
Akanitazama kama nimemuuliza aliiba nini.

Kimoja kimebonyea, kimeshika umbo la sinyora,
nyonga ya kulia imezama zaidi.
Cha pili kigumu bado. Kilikuwa cha mumewe,
ambaye kila Desemba alikuwa anakuja.

Nikakipindua cha kwanza, nikafungua uvungu.
Mikanda ya mpira imekauka, inakatika kama maganda ya mbaazi.
Kibanio cha nywele. Lira mbili. Kokwa la zeituni.
Na ndani kabisa, kwa penseli, juu ya mbao:
namba 41, mshale,
na mshale mwingine uliofutwa
na mtu aliyekosea kipimo akajirudi.
Nami huchora hivyohivyo, na hufuta hivyohivyo.
Salaam aleikum, fundi, nikasema,
hukuacha msumari hata mmoja ukichungulia.

Dalali akaja Jumanne kutoka Nairobi, viatu bila soksi.
Akapiga magoti akichungulia uvunguni;
tukadhani ameangusha kitu.
"Laki sita. Jozi. Kitambaa msikiguse.
Kimoja peke yake ni kuni."

"Na pale palipobonyea?"

"Ndipo penye bei."

Kadzo akahesabu kwa midomo: mabati, karo ya Rehema,
deni la duka, deni la deni.
Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema.
Juu ya kiti ulichokifuta hawakusema neno.

"Ngoja kwanza."
Akavua kandambili,
akakipangusa kile kigumu kwa ncha ya leso
(mkono ulikwenda wenyewe)
akakaa.

Alikaa ukingoni, kama watu wa foleni ya hospitali.
Mgongo haukujua pa kwenda. Kisha ukajua.
Mpira wa zamani ukalia mara moja, ukanyamaza.
Miguu haikufika chini.

Dalali akaangalia saa.
Jirani akamimina debe la mahindi kinuni
na unga ukaja kama kawaida yake, bila hodi,
ukatua kwenye shaba, kwenye kijani, kwenye magoti ya Kadzo.

Hakusema vinauzwa. Hakusema haviuzwi.
"Shekuwe," akaniita, taratibu,
"kumbe ukikaa hapa
vumbi lote unaliona."