Akipenda

Sakafuni, kwenye nyumba ya kupanga hapa Sur,
tumetandaza daftari la Tumpe, kurasa kumi na moja.
Ya saba ina doa la chai, la tangu Tukuyu,
usiku ule mvua ikipiga bati nasi tukibishana
kama riali moja ni elfu sita na kitu
au elfu saba, wakala akishamega chake.

Misimu miwili ya parachichi tuliiweka kwenye kopo la maziwa.
Jirani alisema: jengeni ukuta.
Mama mkwe alisema: bahari ipo Dar, na chumvi ni ile ile.
Lakini Lusajo alikwisha andika kwa kalamu nyekundu:
POMBOO. HEROE. MBWEHA. KASA.
NGAMIA ASIYE WA KITABUNI.
Nami, mtoto wa ukungu, nisiyejua kuogelea,
nikaongeza chini kwa herufi ndogo:
jaketi la kuelea, la mtu mzima, moja.

Pomboo hatukuwaona.
Boti ilirushwa kama chapati,
Sekela akatapika ndani ya kofia yangu mpya
na nahodha akasema, kwa upole, hela hairudi.
Ngamia alikuja bure. Alisimama katikati ya lami,
akatutazama kama karani anayetazama fomu iliyokosewa,
hakuondoka mpaka alipomaliza kuwaza.

Bi Zuwena wa duka la chini, Kiswahili chake cha Wete
alichoachiwa na mama yake, akalifungua daftari, akacheka.
"Saa tatu na nusu, kasa anataga! Nani kakwambieni?
Mmemwandikia barua?"
Akachukua kalamu sikioni kwake,
akakata saa tatu na nusu,
akaandika: akipenda.

Basi jana tulikwenda Ras al-Jinz, nguo nyeusi, midomo kimya.
Musallam mbele na taa yake nyekundu, ndogo kama kaa la sigara.
Mchanga ulikuwa baridi, sikutegemea.
Kaa wadogo walikimbia kando kando,
na mbweha, yule wa orodha, alipita na shughuli zake
bila kujua kwamba amewekewa alama ya vyema.
Tulikaa. Lusajo alilala, akaamka, akalala.
Saa tano ikapita.

Ndipo jiwe moja ufukoni likavuta pumzi.

Sijui nieleze vipi. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyepanda mlima na gunia.
Akajikokota, akatua, akajikokota,
mgongo wake unang'aa kwa maji,
na Tumpe akanishika mkono kwa kucha.

Na simu ikawaka mfukoni mwangu.
Mwanga mweupe, kifua kizima, kama taa ya lori.
Mama mkwe, wa picha, kutoka Tukuyu:
"Mmeshamwona?"

Kasa akasimama.
Akageuka polepole, hakukasirika, hakuharakisha,
akarudi alikotoka na mayai yake yote tumboni.
Musallam hakusema kitu.
Afadhali angesema.

Asubuhi alama zake zilikuwa bado pale,
kama za trekta la shamba la chai,
zinapanda, zinazunguka, zinashuka,
na katikati hakuna shimo.

Sasa tunapanga siku ya nne na Lusajo anauliza:
huyu anahesabiwa?
Sekela anasema nusu alama.
Mimi sina kura, nimeinama, nakunja taulo.
Tumpe analamba ncha ya kidole, anafungua ukurasa wa saba,
na juu ya doa la chai anaandika:
Tulimwona akikataa.

Heroe wa Masira tumewafuta, petroli haitoshi.
Leo tunarudi pwani ile ile.
Mama mkwe amepiga mara tatu tangu adhuhuri;
tunaisikia simu ikitetemeka jikoni,
ndani ya sufuria, kifuniko juu,
na juu ya kifuniko, jiwe.