Miguu ya Nyuma

Msinitafute usoni. Uso ulikuwa wa Bwana Liang:
tenga la samaki lililovishwa kanga,
macho vifuniko vya kopo la maziwa,
nyusi za ukili, ndevu za makumbi.
Mimi nilikuwa miguu ya nyuma.

Kichwa chenyewe kiliagizwa kwao, Foshan,
kikakwama Kilindini mwezi na siku tatu,
kinadaiwa ushuru kama mnyama hai.
Ndipo Bi Mwanaesha akaitwa, na cherehani yake.
"Simba huyu ni dume au jike?
Nijue nimpe kanga gani."
Wachina wakatazamana. Kambi nzima ya Mokowe,
wahandisi na wapishi, hakuna aliyekuwa na jibu.
Akampa ile ya MGENI NJOO MWENYEJI APONE,
ila mkasi ulikula mwanzo;
kila simba alipofunua taya
kinywani mlisomeka MWENYEJI APONE tu.

Ami Shekuwe hakuja.
"Gati limeziba mlango wa samaki,
sasa wataka tuwapigie makofi?"
Sikumjibu. Nilikuwa nimekwisha kuvaa suruali ya manyoya.

Kwao, mkia wa Bwana Liang ulikuwa mwanawe, Kit.
Miaka kumi na miwili walicheza baba mbele, mwana nyuma.
Sasa Kit yuko Kanada, ana duka la miwani,
na simu yake haina saa inayolingana na ya Mokowe.
Mimi alinikuta harusini Langoni, tunacheza kirumbizi.
Wenzake walitazama fimbo.
Yeye alitazama magoti.

Ngoma hawakuwa nayo. Obo akaleta vumi.
Bwana Liang akampigia mdundo kwa mdomo,
dong, dong, dong-chang,
na Obo, kichwa upande, akasema:
"Hii naijua. Ni jamaa yetu,
ila imepanda ngazi ikasahau kushuka."
Matoazi yakawa vifuniko vya sufuria.

Ndani ya simba ni tanuri ya mofa.
Dunia yangu yote ilikuwa mkanda wake,
visigino viwili,
na fulana iliyotobolewa na cheche za kulehemu.
Yeye akihesabu kwao, mimi kwetu,
tukikutana kwenye nane.
Nikikosea hatua, alinipiga teke dogo la kisigino,
kama mtu anayefunga mlango taratibu usiku.

Mwisho wake, simba sharti asimame ale mboga.
Kwao ni saladi. Kwetu ikawa fungu la mchicha
juu ya mlingoti, bahasha nyekundu ndani.
Akanipanda mapajani.
Nimebeba saruji ya gati lile, mfuko kilo hamsini,
na huyu hakuuzidi sana.
Lakini mfuko hautetemeki.

Nje, vigelegele.
Ndani, mkanda ukitikisika mikononi mwangu:
alicheka au alilia, sijui,
sikuwa upande wa uso.
Nilisikia tu akiita, "Kit!"

Si jina langu.
Nikaitika, "Naam."

Mkataba ulipokwisha walifunga mizigo kwa siku moja.
Kichwa kimebaki darini kwa Bi Mwanaesha;
kuku ametaga humo, naye hataki kumfukuza.
Bahasha ilikuwa na shilingi mia tano na noti moja ya kwao,
ile ya kwao sijaibadilisha.

Kuna video, sekunde arobaini, imezunguka Amu yote.
Ami Shekuwe naye huiomba,
ila simba hamtazami. Huweka kidole kona ya juu,
penye kipande cha maji, na kusema:
"Pale palikuwa na changu,"
wala hafafanui kama ni samaki au ni mali.

Wengine huniuliza: sasa wewe uko wapi?
Nasimamisha picha.
Hapa, nawaambia. Nyuma,
kitambaa kinapofura.