Mawe Matatu Juu ya Blanketi

Ghala letu la Yerevani lina baridi ya kisima.
Nimewasha hita, nimetandika mezani blanketi la jeshi la marehemu baba
ili mawe yasikwaruzike.

Moja ni la kwetu: kioo cheusi cha volkano, kutoka bonde la Hrazdan.
Liinue dirishani, na ukingo wake utapitisha mwanga wa rangi ya chai.
La pili ni gumegume la kijivu, la kingo za mto Somme,
limechongwa huku na huku hadi likawa umbo la chozi.
La tatu kaja nalo Meilan, safari ya siku mbili kutoka Guangxi,
ndani ya soksi ya mwanawe.
Kwatzaiti. Zito kama deni.
Upande mmoja bado ni jiwe la mtoni tu, halikuguswa.

Chuoni tulifundishwa mstari.
Mwalimu Hrant aliupiga juu ya ramani kwa chaki nyekundu:
magharibi mafundi, mashariki wapasua kokoto.
Niliunakili. Nikapata alama zote.

Tunasemezana kwa Kirusi kibovu, na kwa vidole.
Meilan anachora mwanzi nyuma ya risiti,
anachora kisu cha mwanzi,
kisha anavifuta vyote kwa kidole gumba.
Mwanzi huoza.
Nani aliwahi kuhesabu kilichooza?

Nalichukua jiwe lake. Mimi nina shoto;
tangu utoto mikasi hunigomea.
Hili halikunigomea.

Naye analigeuza letu chini ya taa, anacheka,
ananionyesha kwa ukucha:
hapa kibanzi kilikatikia njiani, kikaacha kingazi.
Akagonga tena, kingazi juu ya kingazi.
Akagonga mara ya tatu, kwa hasira naona,
akaacha.
Analigeuza la kwake: kingazi kilekile, karibu na ncha,
mapigo mawili ya ubishi, basi.
Hata gumegume, bibi harusi wa meza hii,
lipapase kitakoni, utakuta amekificha.

Kama walirithishana, au kila bonde lilijifunza lenyewe,
sijui, na kadi haiulizi.
Kadi ina safu ya urefu, ya uzito, ya umbo.
Ya kukosea haina.

Nimeandika pembeni, kwa penseli,
kwenye kadi zote tatu:
hapa alichoka.

Meilan anatafuta soksi.