Herufi ya Mwisho

Kazi yangu mimi ni sauti.
Asomaye ni Nutsa; mimi hubeba kinasa
na maikrofoni yenye manyoya kama paka aliyelowa.
Siku ya nane hii tunaizunguka Kutaisi
tukitafuta kitabu chenye jalada rangi ya ini,
nakala elfu tatu, mwaka sabini na nne,
mwandishi Lamara Gvetadze,
jina lisilomgutusha mtu.
Nakala ya Nutsa imenyofoka kurasa kumi na sita za mwisho.
Filamu nzima ni hizo kumi na sita.

Maktaba ya kwanza: hakipo.
Ya pili: kilikuwepo, paa likavuja.
Muuza vitabu wa darajani, kwa kutuonea huruma,
akatuuzia kamusi ya magonjwa ya mifugo.
Profesa mmoja akakisifu dakika arobaini mbele ya kamera,
nami katika visikizi vyangu
nikasikia jinsi alivyomeza mate:
hajawahi kukifungua.

Ndipo tukaelekezwa kwa mzee Ilarioni,
ghorofa ya tano, lifti imekufa,
mpanga herufi wa kiwanda ambacho sasa kinauza vigae.

“Hadithi siijui,” akasema.
“Sisi tulisoma kwa vidole, kinyumenyume, risasi baada ya risasi.
Ila huyo mama namkumbuka.
Kwenye kurasa za mwisho alinimalizia jani zote sandukuni.”

Jani: ndivyo Wajojia waiitavyo herufi hiyo,
nayo ndiyo ianzayo neno lao la majonzi.

“Nikamwambia msimamizi, mwanamke huyu
ana majonzi kuliko risasi tuliyo nayo.
Tukaazima herufi kwa watu wa gazeti.”

Nutsa hakusema kitu. Kamera ikaendelea kula mkanda.
Vidole vya mzee vilikuwa vinatembea juu ya kitambaa cha meza,
toka kulia kwenda kushoto,
na mimi, ambaye sijamaliza kitabu tangu shule,
nikaisogeza maikrofoni karibu, polepole,
nikazuia pumzi.

Tulipofika ngazi ya ghorofa ya pili
Nutsa akaanza kucheka peke yake.
“Lakini ndiyo ianzayo pia neno la afya,” akasema.
“Na la mfuko. Na la nyumbu.”

Tukasimama hapo gizani.
Huenda walikufa wote. Huenda walipona.
Huenda, ukurasa baada ya ukurasa,
nyumbu tu alikuwa anapanda mlima.