Chila cha Kitani

Miaka thelathini na mitatu nimekanda ngano
kwenye tanuri la Mtemani, Wete ikiwa bado imelala.
Mikono hii ilijua unga kabla kidevu hakijajua ndevu.
Donge nikiligusa tu najua limeamkaje:
hili limenuna, hili limekunywa maji mengi,
hili niliache kidogo, linaota.
Boflo zangu zilifika Konde zikiwa na moto
ndani ya tenga, nyuma ya baiskeli ya Kombo Shaame.

Leo nimesimama mbele ya bakuli
kama mtoto siku yake ya kwanza chuoni.

Nambari ndiyo iliyonileta. Kumi na nane.
Muuguzi aliiandika kwenye kadi, akaizungushia duara,
akamtazama Bikombo, kisha akanitazama mie,
mwoka mikate,
kama polisi anavyomtazama mwenye kisu.

Zuwena akatuma pakiti kutoka Unguja
kwa boti ya Ijumaa, imezungushwa kamba mara nne.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Ndani, vijimbegu vya hudhurungi, vinateleza,
vyepesi kama kucha za mtoto mchanga.
"Kitani," nikasoma.
"Kitani?" Bikombo akacheka hata akashika ubavu.
"Wanipikia shuka, Baba Zuwena?
Na mto je, utaukaanga?"

Nikavitwanga kwenye kinu cha pilipili manga,
kwa hiyo chila cha kwanza tulikila tukipiga chafya.
Nikatia maji. Nikafunika. Nikangoja kiumuke.
Wapi! Ngano ukiifunika kitambaa
inakufanyia mambo yake gizani;
hiki ukikifunua unakikuta palepale, kinakutazama,
kimetoa uteute kama bamia zilizolala.
Cha pili kiling'ang'ania kikaango.
Cha tatu kilivunjika.
Cha nne alikila paka wa jirani, kwa adabu, hakurudi tena.

Sasa nimekijua.
Vijiko vinne vya kitani, kitwangwe siku hiyo hiyo,
mayai mawili ya kuku wa kienyeji,
tui la kwanza, lile zito, la pili mpe mwenye haraka.
Chumvi ya ncha za vidole.
Na iliki, iliki nyingi, ili pua isahau sukari.
Koroga, kisha kaa chini, soma uradi mfupi
mpaka kijiko kisimame chenyewe.
Makaa yawe yamechoka. Funika.
Usikigeuze mbio: kitani ni kama mkwe mpya,
ukimharakisha anavunjika.

Lakini alfajiri
kijana aliyeshika nafasi yangu anafungua tanuri,
na harufu inapanda kilima, inaingia dirishani bila hodi,
inajilaza baina yetu.
Hatusemi kitu. Bikombo anageukia ukutani.

Juzi nakunja kanga yake, nikakuta fundo.
Nikadhani pesa.
Ganda la boflo, gumu, pembe ya mwisho,
ile anayoipenda tangu uchumba.
Nikalifunga tena vile vile lilivyokuwa.
Nani mie wa kuhukumu? Kila nitokapo msikitini
miguu inanipeleka kwa muuza kahawa,
namaliza nusu mkate nimesimama,
najipangusa mdomo kwa kofia, narudi kupika kitani.

Leo nimemwekea chila sahanini,
na samaki wa jana, na chai ya rangi
yenye mdalasini na karafuu mbili, bila sukari.
Akamega, akatafuna, akafikiri.
"Shuka hili," akasema, "leo limefuliwa vizuri."
Kisha akanyoosha mkono, nikadhani anataka chumvi.
Akaniokota ndevuni chembe,
nyeupe, laini, ya asubuhi ile ile.
Akaiinua kwenye mwanga kama sonara,
akaitia kinywani mwake
akafumba macho.

"Nambari," nikamwambia, taratibu.

"Chembe haina nambari. Kuna chila kingine?"

Nikarudi jikoni.
Makaa yalikuwa yamechoka vizuri.